Tamasha la Vijana Wapiga Muziki



Jioni hii nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo pengine mtaliona kuwa ni la mbali, yaani tamasha la muziki lililopigwa na vijana katika mji mmoja wa Uingereza. Nawaomba mnivumilie, maana jambo hilo la mbali lilinirudisha nyumbani kwangu mwenyewe, likanionyesha kosa nililolifanya katika kazi yangu ya ualimu. Wazee walisema, Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nami nilikwenda hata omo, na sasa nimerejea niwaeleze niliyoyaona.

Kwanza nitalitaja kosa lenyewe, ili mjue ni mtu wa namna gani aliyeketi katika ukumbi ule.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha walimu. Nililelewa na kusomeshwa katika shule za misheni, na huko ndiko nilikojifunza kusoma noti, kuimba kwa sauti nne na kupiga tarumbeta. Walimu wangu walikuwa watu wema, nami sina neno baya la kuwasema. Walakini walikuwa na kanuni moja ambayo niliipokea bila kuiuliza, kwamba muziki ni wa namna mbili, wa heshima na wa ovyo. Muziki wa heshima ulikuwa nyimbo za ibada na kazi za mastadi wa kale wa Ulaya. Muziki wa ovyo ulikuwa dansi, pamoja na kila wimbo ambao watu waliupenda bila kufundishwa kuupenda.

Basi nilipokuwa mwalimu kijana nilipewa kuisimamia bendi ya shule, tarumbeta sita na ngoma mbili. Palikuwa na mwanafunzi mmoja wa miaka 14, mpole, mwenye pumzi nzuri. Jioni moja nilisikia tarumbeta nyuma ya darasa, nikazunguka, nikamkuta peke yake anapiga wimbo wa dansi uliokuwa ukisikika katika kila mkahawa wa mji ule. Sikumwuliza neno. Nilimpokonya ile tarumbeta, nikaifungia kabatini kwa muhula mzima. Muhula ulipokwisha nilifungua kabati, lakini yule kijana hakuja kuichukua. Nikajisemea kwamba hakuwa na bidii, nikampa mwenziwe. Kwa miaka mingi nilijiona nimetenda haki.

Sasa twende Uingereza. Mwaka wa 2018 nilipata nafasi ya kusoma huko kwa miezi michache. Niliwasili mwezi wa Machi, wakati wa majira wanayoyaita machipuko. Katika nchi zetu, miezi hiyo ya Machi, Aprili na Mei ni masika. Mvua hunyesha, watu hupanda. Huko miti iliyokuwa mikavu kama kuni hutoa majani, siku hurefuka, na watu waliojifungia nyumbani kwa baridi hutoka nje. Ndiyo sababu shule nyingi na vyama vingi vya muziki hufanya tamasha wakati huo. Vijana wamejizoeza tangu siku za giza, na sasa ni wakati wa kuwaonyesha watu walichokipanda.

Mwenyeji wangu, mwalimu mwanamke aliyekwisha staafu, alinialika tukasikilize okestra ya vijana wa wilaya yao. Tulikwenda kwa miguu hata ukumbi wa mji. Wazazi walikuwako, na mababu na mabibi, na watoto wadogo waliokatazwa kupanda juu ya viti wakapanda. Jukwaani waliketi vijana wapata sabini, wa miaka 12 hata 18, wamevaa nguo nyeusi.

Yafaa niwaeleze kidogo okestra ni kitu gani. Ni jamii kubwa ya wapiga vyombo, nayo ina koo nne. Ukoo wa kwanza, ulio mkubwa kuliko wote, ni wa fidla, kuanzia zile ndogo zinazoshikwa chini ya kidevu hata ile kubwa ambayo mpigaji husimama kando yake kama anayeshikilia mlango. Wasikilizaji wa Unguja na pwani hawahitaji kufundishwa habari za fidla, maana chama cha Akhwan Safaa kilianzishwa huko Unguja mwaka wa 1905, na hata leo waimbaji wa taarabu huimba katikati ya fidla, udi na kanuni. Ukoo wa pili ni wa filimbi na vyombo vya mti vinavyopulizwa. Ukoo wa tatu ni wa shaba, yaani tarumbeta na pembe. Na wa nne ni wa ngoma, matuazi na kila kinachogongwa.

Kabla ya kuanza, kijana mmoja hupuliza sauti moja tu katika chombo kiitwacho obo, nacho ni jamaa ya nzumari zetu, kwa kuwa hupulizwa kwa ndimi mbili za tete zilizofungwa pamoja. Sauti hiyo hutetema kwa kawaida mara 440 kwa sekunde, na wote hukaza au kulegeza nyuzi zao mpaka zilingane nayo. Mwenyeji wangu aliniinamia akaninong'oneza kwamba hilo ndilo somo la kwanza la okestra: kabla hujapiga neno lako, sikiliza la mwenzio.

Wimbo wa kwanza ulikuwa kazi ya Johannes Brahms, Mjerumani. Jina la Brahms nililijua sana, maana katika hesabu yangu alikuwa miongoni mwa wazee wa muziki wa heshima. Nikaketi wima kama mtu aliye kanisani. Lakini nilipoitazama karatasi tuliyogawiwa mlangoni, nilisoma habari iliyonitikisa. Mwaka wa 1879 Chuo Kikuu cha Breslau, mji ambao leo uko Poland na huitwa Wrocław, kilimpa Brahms shahada ya heshima. Yeye, kwa kushukuru, akatunga kazi hii mwaka uliofuata, na siku ya 4 Januari 1881 akaenda kuiongoza mwenyewe mbele ya maprofesa. Bila shaka walitazamia jambo zito. Naye akawaletea nyimbo za wanafunzi wao wenyewe, nyimbo ambazo vijana huimba wakiwa wamekaa na bilauri za bia! Alizichukua nne, akazifuma kwa ustadi mkubwa, akazivika matuazi na ngoma kubwa, hata zikawa kama maandamano ya harusi ya kifalme.

Basi nikajiuliza: wimbo huu ni wa namna gani? Ukiusikia katika kilabu cha wanafunzi ni wa ovyo. Ukiusikia kwa Brahms ni wa heshima. Na wimbo ni ule ule. Ile kanuni niliyopewa shuleni ikaanza kuyumba kama meza yenye mguu mfupi.

Wa pili ulikuwa kazi ya Antonio Vivaldi, iitwayo Machipuko, nayo ni ya kwanza katika kazi nne alizozitunga juu ya majira ya mwaka. Zilichapishwa Amsterdam mwaka wa 1725. Hapo shaba na ngoma zilinyamaza, zikabaki fidla, na msichana mmoja, ambaye sidhani alifikia miaka 16, akasimama mbele kupiga sehemu ya peke yake. Nyuzi zake zililia kama ndege, kisha zikatiririka kama kijito, kisha ikaja radi. Katika sehemu ya katikati mchungaji wa mbuzi amelala, na mbwa wake anabweka. Na mbwa huyo ni fidla za ukubwa wa pili, zenye sauti nzito kidogo, zinazorudia pigo lile lile bila kuchoka. Watoto walioketi mbele yetu walipoambiwa habari ya mbwa walicheka kila alipobweka.

Vivaldi alikuwa padre. Mwaka ule ule wa 1703 alipopewa upadre, aliajiriwa kufundisha fidla katika nyumba moja ya Venice iitwayo Pietà, iliyolea watoto waliotupwa na mama zao. Palikuwa na tundu ukutani, mama akamweka mtoto humo, akaenda zake. Wavulana walipokua walipelekwa kujifunza kazi za mikono. Wasichana walibaki, na wenye vipaji walifundishwa kuimba na kupiga vyombo, hata wageni wakasafiri kutoka nchi nyingi za Ulaya kuja kuwasikia. Walipiga wakiwa juu, nyuma ya vyuma vya dirisha, watu wasiwaone nyuso. Hebu fikirini, wasikilizaji. Watoto ambao dunia iliwakataa walikuwa miongoni mwa wapiga muziki hodari wa zamani zao, kwa sababu mtu aliwapa kazi ya kweli kweli, wala hakuwapa kazi ya kuwapumbaza kama watoto.

Na sehemu ya mwisho ya hiyo Machipuko je, ni nini? Ni ngoma! Ni ngoma ya wachungaji wa mashambani wakishangilia majira mapya. Padre aliandika ngoma, nami mwanafunzi wa mapadre nilimfungia mtoto tarumbeta kwa ajili ya ngoma. Nilijisogeza kitini, nikajaribu kuwaza jambo jingine.

Ikaja nafasi ya mapumziko, tukanywa chai na keki zilizookwa na wazazi. Nilimwuliza mwenyeji wangu kwa nini sehemu ya pili ya tamasha imejaa nyimbo za filamu na za michezo ya kuigiza. Je, si kuwashusha vijana baada ya kuwapandisha? Alicheka, akaniambia kwamba ugomvi huo ni wa zamani sana katika nchi yao.

Akanieleza habari za mwaka wa 1895, wakati Robert Newman na kiongozi wa muziki Henry Wood walipoanza matamasha yao katika ukumbi wa Queen's Hall mjini London. Walitaka hata mtu wa kipato kidogo apate kuingia, kwa hiyo aliyekubali kusimama alilipa shilingi moja tu. Wala hawakumlisha kazi nzito usiku kucha, bali waliichanganya na nyimbo nyepesi alizozijua, wakiongeza uzito kidogo kidogo mwaka hata mwaka. Ukumbi ule uliharibiwa kwa mabomu mwezi wa Mei 1941, lakini matamasha yakahamia Royal Albert Hall, na hata leo yanaendelea.

Akanieleza pia habari za Ruth Railton, mwanamke aliyeona, baada ya Vita Kuu ya Pili, kwamba nchi ina vijana wengi wenye vipaji wasio na mahali pa kupiga pamoja. Akazunguka nchi akiwasikiliza mmoja mmoja. Wakubwa wengine wa muziki walimpinga, lakini mwezi wa Aprili 1948, katika majira hayo hayo ya machipuko, Okestra ya Taifa ya Vijana ilipiga tamasha lake la kwanza mjini Bath. Miaka baadaye alipita humo kijana wa Liverpool aliyeketi nyuma kabisa pamoja na wapiga ngoma, jina lake Simon Rattle. Huyo ndiye aliyekuja kuongoza Okestra ya Berlin tangu mwaka wa 2002 hata mwaka wa 2018. Mwenyeji wangu akasema, "Mwalimu, huwezi kujua ni nani aliyeketi nyuma." Neno lile lilinichoma, ijapokuwa yeye hakujua limeingia wapi.

Tukarudi ukumbini. Sehemu ya pili ilianza kwa muziki wa filamu ya Star Wars ya mwaka wa 1977, uliotungwa na John Williams. Tarumbeta zilipolipuka mara moja, watoto wote waliokuwa wakisinzia waliamka. Kisha ukaja muziki wa Leonard Bernstein kutoka mchezo wa West Side Story, ulioonyeshwa New York mwaka wa 1957, nao ni kisa cha Romeo na Juliet wa Shakespeare kilichohamishiwa katika mitaa ya vijana wagomvi. Ndani yake mna dansi moja iitwayo Mambo. Asili ya dansi hiyo ni kisiwa cha Kuba, ambako wana wa Waafrika waliochukuliwa utumwani walihifadhi mapigo ya ngoma za kwao. Na katikati ya muziki, wapigaji wote huacha vyombo wakapiga kelele pamoja: "Mambo!" Wasikilizaji, nusura niitikie! Mswahili akiamkiwa hivyo na vijana sabini kwa mara moja, atanyamazaje?

Lakini hapo ndipo palipotokea jambo lililonifanya nije kuzungumza nanyi leo. Mimi nilidhani ya kwamba sehemu hii ndiyo rahisi. Kumbe sivyo. Katika dansi ile mapigo huanguka pale ambapo sikio halikuyatazamia, na anayehesabu vibaya hata nusu ya pigo amepotea. Tarumbeta moja iliingia mapema. Nyingine zikamfuata. Ngoma zikabaki mahali pake, na kwa kitambo kidogo okestra ikawa mbili, kila moja na njia yake. Niliwaona wazazi wanakunja mikono. Vijana wale wale waliompiga Brahms bila kosa, na Vivaldi bila kosa, walikuwa wanazama katika wimbo uliohesabiwa kuwa mwepesi.

Kiongozi hakusimama, maana muziki ukisimama umekufa. Aliendelea kupiga kijiti chake, mdomo wake unahesabu. Msichana aliyekuwa mkuu wa fidla aliinua upinde wake juu kuliko kawaida, akatikisa mwili mzima kwa kila pigo ili wote wamwone. Na wapiga tarumbeta wakafanya jambo ambalo ni gumu kwa kijana, na kwa mtu mzima ni gumu zaidi: walitambua kwamba wamekosa, wakanyamaza. Walishusha vyombo, wakasikiliza, wakahesabu. Hata ulipofika wakati wa kupiga kelele, sauti sabini zikatoka pamoja, "Mambo!", na tarumbeta zikaingia mahali pake sawasawa, na muziki ukaenda mpaka mwisho kama mto uliopita juu ya jiwe.

Makofi yalipokuwa yakipigwa, kiongozi alimwashiria mtu wa kwanza kusimama. Hakuwa yule msichana aliyepiga peke yake, alikuwa yule kijana wa tarumbeta aliyeingia mapema. Uso wake ulikuwa mwekundu, naye hakujua aangalie wapi. Lakini alisimama, na watu wakampigia makofi. Katika shule yangu kijana yule angefungiwa tarumbeta yake.

Usiku ule nilitembea na mwenyeji wangu bila kusema mengi. Nilikuwa nimekwenda kusikiliza muziki wa heshima na kuuvumilia ule mwingine. Nikaona kwamba stadi mkuu aliijenga kazi yake kwa nyimbo za watu, na kwamba nyimbo za watu zadai kusikilizana, kuhesabu na kunyenyekea sawa na kazi za stadi huyo. Mpaka nilioulinda maisha yangu yote haukuwa mahali nilipoambiwa uko. Tofauti iliyo kubwa ni kati ya wimbo uliopigwa kwa uangalifu na wimbo uliopigwa ovyo, na hiyo yaweza kupatikana kanisani, na yaweza kupatikana katika dansi.

Yamkini mtauliza, yule kijana wa kwetu je? Nilimwona mwaka mmoja baada ya kurudi, katika stendi ya mabasi. Yeye ndiye aliyenitambua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu. Mimi ni utingo wa basi hili."

Tuliulizana habari za nyumbani, kisha nikamwuliza kama bado anapiga tarumbeta. Akatabasamu, akasema hajaigusa tangu siku ile. Nikanyamaza. Naye, kama mtu anayesimulia jambo dogo, akaniambia: "Mwalimu, lile zoezi ulilotupa wiki ile lilinishinda vidole. Nikaona ule wimbo wa dansi una vidole vile vile, nami nilikuwa naujua kichwani. Nikasema niupige mpaka vidole vizoee, kisha nirudi kwenye zoezi."

Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akajibu, "Ningekuambia lini, mwalimu? Ulikuwa umekwisha funga kabati."

Nilimwomba radhi, pale pale, mbele ya abiria. Akasema yamekwisha. Kisha akapanda mlangoni, akapiga bati la basi mara mbili kwa kiganja, na dereva akaondoka. Yalikuwa mapigo mawili safi, yenye nafasi iliyo sawasawa kati yake. Wenye kufundisha muziki watafahamu kwa nini niliyasikia njia nzima ya kwenda nyumbani.

Wasikilizaji wangu, najua wako watakaonipinga kutoka pande mbili. Wengine watasema, fidla na Brahms ni mambo ya wageni, yanatuhusu nini? Hao nawaomba wawatazame vijana wa Korogocho mjini Nairobi, kando ya jaa kubwa la Dandora, ambako Elizabeth Njoroge alianzisha mafunzo yaitwayo Ghetto Classics. Watoto wa mtaa ule hushika fidla na tarumbeta, wakapiga kazi za mastadi pamoja na nyimbo za nchi yao. Hawakuacha kuwa watoto wa Korogocho kwa kumjua Beethoven, kama vile wapiga taarabu wa Unguja hawakuacha kuwa Waswahili kwa kupokea kanuni kutoka kwa Waarabu.

Wengine, nao ni walimu wenzangu, watasema kwamba ukimpa kijana nyimbo za mitaani ataiacha kazi ngumu. Mimi pia nilisema hivyo, tena kwa ufunguo mkononi. Nawajibu kwamba mtoto hawezi kufika mahali asipoanzia pale aliposimama. Wimbo anaoujua kichwani ni ngazi iliyokwisha wekwa. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha inaelekea wapi. Wala simaanishi kwamba kila wimbo unafaa, au kwamba nidhamu itupwe. Wale vijana niliowaona walijizoeza kwa miezi, tena walipokosea waliokolewa na nidhamu hiyo hiyo. Neno langu ni kwamba kabla ya kumpokonya mtoto chombo, muulize anatafuta nini katika wimbo ule.

Katika chuo chetu sasa tuna bendi ndogo ya walimu wanafunzi. Kila mwaka, masika yakikaribia kwisha, twafanya tamasha. Twaanza kwa zaburi, twapiga wimbo mmoja wa mastadi wa kale, kisha twapiga wimbo mmoja wa dansi ambao wanafunzi wenyewe wameuchagua, na huo twaufanyia mazoezi sawa na nyingine, noti kwa noti. Kila mwaka ni huo unaotutoa jasho kuliko zote.

Lile kabati lilibaki katika shule yangu ya zamani. Hapa chuoni vyombo vyetu huwekwa juu ya rafu iliyo wazi, na mwanafunzi anayetaka kupiga jioni huandika jina lake katika daftari, akachukua. Mara nyingi nikiwa nyumbani nasahihisha madaftari nasikia tarumbeta nyuma ya madarasa, nyimbo ambazo pengine sizipendi. Hapo hukumbuka kuweka kalamu chini na kusikiliza kwanza.